Kufufua gari la misuli la Kimarekani katika karakana ya nyumbani

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari lake la ukubwa wa kati, Tempest LeMans, ikalitia injini ya inchi za ujazo 389, yaani takribani lita 6.4, iliyokuwa ikifungwa kwenye magari yake makubwa zaidi, kisha ikaliita GTO. Washindani wake wa Detroit, jiji la viwanda vya magari vya Marekani, hawakukaa kimya. Katika miaka iliyofuata zilitoka Chevelle SS, Camaro, Road Runner, Charger, Challenger na Mustang zenye injini kubwa za silinda nane, na Wamarekani wakayapa magari hayo jina la magari ya misuli. Yaliyobaki leo yamepita miaka hamsini, na mengi yamekaa muda mrefu chini ya maturubai, yakiliwa na kutu kutoka ndani kuja nje.

Gari la aina hii linaweza kufufuliwa katika karakana ya nyumbani, kwa kuwa lilitengenezwa kwa chuma, bolti na waya ambazo mtu mwenye subira anaweza kuzielewa zote. Ila kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike tangu mwanzo: katika kazi hii kila hatua hufunika iliyotangulia. Bati jipya hufunika fremu, puti, yaani kijazio cha kusawazisha bati, hufunika bati, rangi hufunika puti, na zulia hufunika sakafu. Ukiacha kosa mahali, hutaliona tena mpaka lijitokeze lenyewe juu ya rangi iliyokwisha kung'arishwa, na hapo gharama yake ni kurudia hatua zote zilizolifunika. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye mambo ambayo mpita njia hatayaona kamwe.

Lijue gari kabla ya kulifungua

Anza na namba ya utambulisho wa gari. Kwa magari ya kuanzia modeli ya 1968 kibao chake hukaa juu ya dashibodi upande wa dereva, ambao kwa magari haya ni wa kushoto, na husomeka kutoka nje kupitia kioo cha mbele. Namba za miaka hiyo ni fupi kuliko za sasa, kwani utaratibu wa tarakimu na herufi 17 ulianza kwa magari ya 1981, na kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake. Kwa mfano, Camaro yenye namba inayoanza na 124379N inajieleza hivi: 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro yenye injini ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V), 37 ni muundo wa milango miwili wenye paa la bati, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood katika jimbo la Ohio. Namba haisemi kila kitu, hata hivyo. GTO ya 1964 na ya 1965 iliuzwa kama nyongeza juu ya LeMans, kwa hiyo namba ya gari peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ni GTO ya kweli. Ni kuanzia 1966 ndipo GTO ilipopewa tarakimu zake, 242. Kwa hizo za mwanzo utahitaji karatasi za kiwandani.

Baada ya hapo linganisha gari na injini. Kwenye injini ndogo ya V8 ya Chevrolet kuna sehemu bapa mbele ya bloku, upande wa abiria, chini kidogo ya hedi, ambako hupigwa chapa ya herufi za aina ya injini na, kuanzia 1968, sehemu ya namba ya gari lenyewe. Isafishe kwa kiyeyushi cha grisi na kitambaa, usiiguse kwa msasa wala kwa brashi ya waya ya mashine, kwa kuwa chapa hiyo ni nyembamba na thamani ya gari huning'inia juu yake. Utakapofungua viti, pekua taratibu ndani ya springi, kisha uchungulie juu ya tangi la mafuta. Katika magari mengi ya General Motors (kampuni mama ya Pontiac na Chevrolet) na Chrysler wafanyakazi wa kiwanda waliacha humo karatasi ya maelekezo ya kuunda gari hilo, na karatasi hiyo hata ikiwa imeliwa na panya nusu yake huweza kukuambia rangi, giaboksi na difu lililotoka nalo.

Kutu ndiyo inayopanga bei halisi ya mradi wote, kwa hiyo itafute kwa bidii kuliko unavyosikiliza injini. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa chembamba, uipitishe sehemu za chini za milango, nyuma ya magurudumu na pembeni mwa kioo cha nyuma. Inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti nene badala ya chuma. Mustang za miaka ya sitini zina ugonjwa wa kipekee, nao ni kuoza kwa chemba ya hewa iliyo chini ya kioo cha mbele. Mimina maji ndani ya matundu yake ukiwa umelala kichwa chini ya dashibodi na tochi mkononi. Yakidondoka kwenye sakafu, unajua sakafu imeoza kwa sababu gani, na unajua pia kwamba kubadilisha sakafu pekee hakutasaidia chochote. Magari yenye paa lililofunikwa kwa vinaili nayo huficha maji chini ya kifuniko hicho, hasa kwenye pembe za chini za kioo cha nyuma.

Jua pia gari lako limesimama juu ya nini. Chevelle na GTO zina chasisi kamili ambayo bodi huweza kunyanyuliwa kutoka juu yake. Mustang, Charger na Challenger hazina chasisi ya kutenganishwa, kwani bodi yenyewe ndiyo mifupa. Camaro ya 1967 hadi 1969 iko katikati, ina fremu ya mbele iliyofungwa kwa bolti na nyuma yake ni bodi tupu. Tofauti hii ndiyo itakayoamua unavyokata bati baadaye.

Kufungua

Nafasi inayotosha gari moja haitoshi mradi mmoja, maana gari lililofunguliwa hujaza nafasi ya magari mawili na zaidi. Uwe na stendi imara nne, na usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Kifaa cha kuzimia moto kikae karibu na mlango. Spana na soketi ziwe za inchi, kwa sababu nyuzi za bolti za magari haya ni za inchi, na nati ya milimita inayoonekana kama inakubali huharibu nyuzi katika mizunguko miwili tu.

Piga picha kabla ya kugusa kila kitu, kisha piga nyingine kifuniko kinapotoka, na nyingine sehemu inapokuwa mkononi. Picha za kwanza huonyesha mahali sehemu ilipokaa, ila picha za katikati ndizo zinazoonyesha mpangilio wa vishimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi), waya zilikopita na klipu zilizozishikilia. Weka bolti za kila eneo katika mfuko wake na uandike kwa kalamu isiyofutika, kwa maneno kamili: "bawaba ya juu, mlango wa kushoto, upande wa bodi". Neno "mlango" pekee halitakusaidia baada ya mwaka mmoja. Usitupe sehemu yoyote mbovu mpaka mbadala wake uwe umefungwa na kukubali, kwani sehemu mpya za kuiga mara nyingi hutofautiana kidogo na za kiwanda, na ile kuukuu ndiyo kielelezo chako cha pekee cha tundu linakotakiwa kuwa.

Vitambaa vya breki na vya klachi vya zama hizo vilitengenezwa kwa asbesto, na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, sawa na viungo vya bodi vilivyojazwa kwa risasi kiwandani. Usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, na uvae barakoa yenye kichujio cha vumbi laini.

Kutu na bati

Hapa ndipo gari hufufuka au hufa. Bodi isiyo na chasisi ikikatwa sakafu hulegea na kubadili umbo bila kelele, kwa hiyo kabla ya kukata chochote chomelea vyuma vya kushikilia katika matundu ya milango na kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, gari likiwa limekaa sawa juu ya stendi. Pima mshazari kutoka pembe hadi pembe katika kila tundu la mlango, andika vipimo ukutani, na uvirudie kila jioni. Kata upande mmoja kwanza, umalize kuchomelea, ndipo uhamie upande wa pili.

Kutu ya juujuu huondolewa kwa brashi ya waya, kwa mchanga wa kupuliza au kwa dawa. Mchanga unafaa kwa sehemu nene tu, maana ukipulizwa kwa nguvu juu ya boneti au paa hupinda bati pana kwa namna isiyonyooka tena. Sehemu ndogo ndogo zinaweza kuondolewa kutu kwa umeme mdogo wa betri katika maji yenye sodiamu kaboneti, ila chuma cha upande chanya kisiwe cha pua, kwa kuwa hutoa kemikali za kromiamu zenye sumu, na kazi hiyo ifanyike penye hewa kwa sababu gesi ya haidrojeni huzalishwa humo. Kutu iliyotoboa haina dawa. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote mbili.

Kwa kuchomelea bati la unene wa milimita 0.8 hadi 1.2, mashine ya MIG, yaani ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma na gesi ya kinga, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya argoni asilimia 75 na kabonidayoksaidi asilimia 25 inafaa sana. Kiraka kikate kiingie katika tundu lake kikiacha mwanya usiozidi unene wa bati lenyewe, bila kupandana, kwa sababu bati likipandana huacha mfuko wa kuhifadhi maji. Kisha gusa kwa nukta moja, uhesabu mpaka joto lipoe kiasi cha kuweza kuweka mkono, uende upande wa pili wa kiraka, uguse nukta nyingine. Katika gari langu la kwanza nilichoka na utaratibu huo nikavuta mstari mmoja wa sentimita ishirini kwenye ubavu wa nyuma. Ulikuwa mstari mzuri wa kuchomelea, lakini nilipoweka rula juu yake asubuhi yake niliona mwanga ukipita chini ya rula kutoka ncha hadi ncha. Bati lilikuwa limevutwa ndani, nami nililikata lote na kuanza upya. Tangu siku hiyo nukta zangu hazikaribiani chini ya sentimita tatu mpaka kiraka kizima kishike, ndipo huanza kujaza kati yake.

Kabla hujafunika sehemu yoyote ya ndani, kama vile mbavu za sakafu au chemba za chini ya milango, ipake praima, yaani rangi ya awali, inayostahimili kuchomelewa, na baada ya kazi kumalizika ipulizie nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo. Kiwanda hakikufanya hivyo vya kutosha, na matokeo yake ndiyo hayo uliyokuwa ukiyakata.

Injini

Wakati bodi inasubiri, injini inaweza kuendelea pembeni. Injini ndogo ya V8 ya chuma huzidi kilo 250, kwa hiyo winchi na stendi yake viwe vya uzito huo kwa nafasi ya ziada. Nitatumia mfano wa Chevrolet 350, yaani lita 5.7, kwa sababu ndiyo wengi watakayokutana nayo. Kwa injini nyingine tafuta kitabu cha mtengenezaji na ufuate vipimo vyake, usikisie.

Kazi ya kupima na kutoboa silinda ipelekwe kwa fundi mwenye mashine. Kipenyo cha kiwandani ni inchi 4.000, sawa na milimita 101.6, na silinda zilizochakaa mara nyingi hupanuliwa kwa inchi 0.030, kisha hununuliwa pistoni za ukubwa huo. Hedi zikiwa kwa fundi huyohuyo, mwombe aweke viti vigumu vya valvu za kutolea moshi, kwa maana petroli ya zamani ilikuwa na risasi iliyolinda viti laini, na petroli hiyo ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani mwaka 1996. Mipira yote ya mafuta na kiwambo cha pampu navyo vibadilishwe kwa aina inayostahimili ethanoli, kwani petroli ya leo hulainisha mpira wa zamani mpaka ukapasuka juu ya injini yenye moto.

Unapofunga hedi, kumbuka kwamba matundu ya bolti kwenye bloku hii hufika hadi kwenye njia za maji. Nyuzi za bolti zipakwe dawa ya kuziba; usipofanya hivyo maji yatapanda taratibu kufuata nyuzi na kuingia ndani ya oili, nawe utatafuta kosa kwenye gasketi isiyo na hatia. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo, kwa awamu tatu, kuanzia bolti za katikati kwenda nje, mpaka ufike paundi-futi 65, ambazo ni karibu nyutoni-mita 88. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na waya za plagi zikipangwa tofauti injini itapiga risasi kwenye kabureta.

Kamshafti ya zama hizo husuguana moja kwa moja na tapeti bapa, na dakika ishirini za mwanzo za uhai wake ndizo zinazoamua kama itadumu. Paka mafuta mazito ya kuanzia kazi kila jino, tumia oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kwa kuwa oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguzwa viambato hivyo, na kabla ya kuwasha toa distributa uzungushe pampu ya oili kwa drili mpaka oili itokee kwenye mikono yote ya valvu. Injini ikiwaka, usiiache kwenye silensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Ipandishe mara moja kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uibadilishebadilishe katikati ya viwango hivyo kwa dakika ishirini, kisha uzime na kumwaga oili hiyo. Kwa hiyo mafuta, maji, taimingi na betri viwe tayari kabla ya kugeuza ufunguo, maana kuzungusha injini kwa muda mrefu bila kuwaka hufuta mafuta yale uliyoyapaka.

Breki na usukani

Gari la kabla ya 1967 huenda lina silinda kuu ya breki yenye chemba moja, ambayo bomba likipasuka popote hupoteza breki za magurudumu yote manne. Badili uweke ya chemba mbili, hata kama unathamini uhalisi kuliko vyote. Mabomba yawe ya chuma yenye ncha zilizokunjwa mara mbili. Bolti za miguu ya gari na za usukani zisitolewe kwenye ndoo ya bolti za kawaida: mistari mitatu kichwani humaanisha daraja la 5, mistari sita daraja la 8, na kichwa kisicho na alama hakifai hapo kabisa. Springi za mbele zimebanwa kwa nguvu ya kuweza kuua, kwa hiyo zitolewe kwa kibanio maalumu tu.

Kulinganisha, kisha rangi

Kosa ambalo huniuma kuliko yote ni kupaka rangi kabla ya kufunga bodi nzima kwa majaribio. Funga milango, madigadi, boneti, kifuniko cha buti, bampa, na mipira mipya ya milango, kwa sababu mpira mpya husukuma mlango nje kwa milimita kadhaa. Anza na milango, uilinganishe na ubavu wa nyuma ambao hausogei, ndipo ufuate madigadi, na boneti iwe ya mwisho. Nafasi ya milimita 4 hadi 5 iliyo sawa kuanzia juu hadi chini ni kazi bora kuliko iliyotoka kiwandani. Ikikubali, toboa tundu dogo kupitia bawaba hadi kwenye bodi, ili siku ya kufunga baada ya rangi uingize pini na kila kitu kirudi mahali pake.

Chuma kilicho wazi kipakwe praima ya epoksi haraka iwezekanavyo baada ya kusafishwa, na puti iwekwe juu ya epoksi hiyo, nyembamba, wala isichukue nafasi ya nyundo ya kunyooshea bati. Sugua kwa ubao mrefu wenye msasa namba 80, kisha 180, upulize praima nene, upake vumbi jeusi la kuongoza, na usugue tena kwa 320 mpaka vumbi lote litoweke. Linapobaki ni shimo, linapotoka mapema ni kilima. Malizia kwa 400 hadi 600 kabla ya rangi. General Motors walipaka laka ya akriliki, Ford na Chrysler walipaka enameli, na leo wengi hutumia rangi ya msingi na klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi, juu yake. Klia hiyo ina isosianeti, sumu isiyo na harufu ya kukuonya, ambayo huweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya mkaa haitoshi. Inatakiwa yenye bomba la hewa safi kutoka nje. Kama huwezi kuipata, fanya maandalizi yote mwenyewe na umpelekee mwenye chumba cha rangi hatua hiyo moja.

Waya na safari ya kwanza

Nunua waya mpya kamili badala ya kuunga zilizokauka. Futa rangi mpya mahali pa kila ethi, yaani pale waya unaporudisha umeme kwenye bodi, kwani taa nyingi zinazofifia baada ya ufufuaji zina waya nzima na ethi iliyokaa juu ya rangi. Katika magari ya Chrysler mkondo mkubwa wa kuchaji hupita kwenye soketi ya ukuta wa injini na ndani ya amita (kipima mkondo) ya dashibodi, na vituo hivyo huungua. Vikague kimoja kimoja. Mara ya kwanza unganisha betri kupitia balbu ndogo. Ikiwaka kwa nguvu kila kitu kikiwa kimezimwa, kuna waya unaogusa bodi, na balbu imekuokolea gari zima.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole, mahali pasipo na watu, ukijaribu breki kabla ya kitu kingine chochote. Rudi, lipandishe juu ya stendi, na upitie kila bolti ya magurudumu, ya miguu, ya usukani, ya propela na ya giaboksi kwa spana ya kupimia mkazo, ukiweka alama ya rangi kwenye kila iliyokaguliwa. Rudia ukaguzi huo baada ya kilomita 80, na tena kilomita 800 zikitimia, wakati wa kumwaga oili kwa mara ya pili.